Gemu nne kwa mwaka: zichague wewe, usichaguliwe na punguzo

KILA mwishoni mwa Juni, na tena kuelekea Krismasi, duka la mtandaoni la Steam hushusha bei za maelfu ya gemu, na wachezaji wa kompyuta kote duniani huanza kujaza vikapu. Nairobi haiachwi nyuma. Kwenye magrupu ya WhatsApp ya wachezaji, picha za risiti huanikwa usiku kucha: gemu saba kwa bei ya moja, zingine kwa bei ya chipsi na kuku. Rudi kwa grupu hilo hilo mwezi wa Agosti uulize nani amemaliza hata moja. Utajibiwa na emoji za kucheka.

Steam yenyewe imetuonyesha sura yetu. Katika muhtasari wake wa mwaka 2024, mtumiaji wa katikati, yule ambaye nusu ya wenzake wako juu yake na nusu chini, alicheza gemu nne. Nne, mwaka mzima. Na kati ya muda wote uliotumika kucheza, asilimia 15 pekee ulienda kwa gemu zilizotoka mwaka huo. Uliobaki ulienda kwa za zamani. Mwaka huo huo zaidi ya gemu 18,000 mpya ziliingia dukani humo.

Sasa piga hesabu. Kama wewe ni mchezaji wa kawaida na umebeba gemu kumi kwa ofa moja ya Juni, umejinunulia shughuli ya miaka miwili na nusu. Na ofa ya Desemba bado haijafika.

Hatuandiki haya kwa kuwa tunachukia gemu. Wengi wanaoandikia ukurasa huu hucheza, na hatuna hamu ya kumpa mzazi yeyote kisingizio cha kuficha padi. Tunaandika kwa sababu swali la "nicheze nini sasa?" limeachiwa watu wasiokujua kabisa: anayeuza, anayetoza kwa mechi, na anayekuwekea saa ya kuhesabu kurudi nyuma kwenye skrini ili uone kama kesho utakuwa umechelewa. Doo ni zako na usingizi ni wako. Kama gemu ni nne tu kwa mwaka, ni haki yako kuzichagua mwenyewe.

Kuna watakaosema starehe haipangwi, kwamba ukianza kuandika orodha gemu inakuwa kazi ya nyumbani. Tunawaelewa. Lakini mtu huyo huyo anajua Jumapili atatazama mechi gani, wapi, na nani, na nani atalipa soda. Hajawahi kuona hiyo ikiwa kazi.

Tuanze mtaani, kwa kuwa huko ndiko vijana wengi wa Kenya walishika padi kwa mara ya kwanza. Kibanda cha PS kiwe Kayole, Likoni au Kondele, sheria hazitofautiani sana: mshindi anabaki, aliyefungwa analipa na kupisha. Mwenye kibanda hana ubaya wowote. Ana kodi, ana tokeni za stima, ana padi zinazokufa kila baada ya muda mfupi kwa sababu ya vidole vyetu vyenye hasira. Mechi moja ya mpira inaisha baada ya dakika chache na watu wengine wawili wanakaa. Mortal Kombat huisha haraka zaidi. Gemu ya hadithi ya saa 50, ambapo msee mmoja anakaa akipanda mlima na kuzungumza na wazee wa kijiji cha kufikirika, haimlipi. Kwa hivyo hainunui.

Matokeo yake ni kwamba kuna kijana anayejiita mchezaji kwa miaka kumi na hajawahi kuona chochote ila mpira na ngumi. Si kwamba hapendi vingine. Hajawahi kuulizwa.

Na hata mwenye kibanda akikubali, kuna suala la sevu. Huu ni uchungu ambao kila mtoto wa kibanda anaujua: unarudi Jumamosi na pesa yako mkononi, unafungua San Andreas, na kukuta mtu asiyejulikana amesevu juu ya misheni zako zote. Hakuna polisi wa kesi hiyo.

Pendekezo letu kwa wenye vibanda ni dogo na halihitaji mtaji. Katika likizo, asubuhi za siku za wiki viti huwa vitupu. (Wakati wa shule mwanafunzi awe shuleni, na mwenye kibanda analijua hilo vizuri kuliko sisi.) Saa hizo, tozeni kwa saa badala ya mechi, na muwafungulie wateja wa kudumu majina yao kwenye mashine. PS4 inakubali watumiaji kadhaa, kila mmoja na sevu zake. Mteja mwenye sevu yake kwako hawezi kuhamia kibanda cha jirani kwa urahisi. Hiyo ni biashara, si msaada.

Mbogi nayo inaweza kujipanga. Watu wanne wakichanga, wanaweza kupita hadithi moja pamoja kwa kupokezana padi: ukifa, unapisha. Wanaokaa nyuma wanabishana kuhusu njia ya kupita, nani aokolewe, na kwa nini mwenye padi haskii akiambiwa kuna adui nyuma. Ni mojawapo ya njia tamu zaidi za kucheza gemu, na ni ya bei nafuu.

Kwenye simu, anayeamua ni nafasi. Simu ya GB 64 iliyokwisha kubeba picha za mahafali, video za WhatsApp za shangazi na programu ya benki haina pa kuweka Call of Duty: Mobile, PUBG Mobile na eFootball kwa pamoja, hasa baada ya kila moja kudai nyongeza zake. Kila gemu mpya ni mazishi ya nyingine. Vijana wengi hupanga kwa kufuta, na kufuta hufanywa kwa haraka, saa ile rafiki amesema "dauniloda tucheze sai". Kabla hujafuta chochote, hakikisha umeunganisha gemu hiyo na akaunti yako. Aliyekuwa akicheza kama mgeni anaweza kurudi miezi miwili baadaye akute anaanza na jezi za siku ya kwanza.

Kwa mwenye mashine nyumbani, mwamuzi ni intaneti. Gemu kubwa za siku hizi hupita GB 100 bila haya. Ukiwa na Wi-Fi ya Mbps 10, GB 100 huchukua takriban saa 22 mfululizo, na hiyo ni kama hakuna mtu nyumbani anayetazama filamu na stima haijapotea. Ukitegemea bando la simu, usijaribu kufikiria. Uamuzi wa nini kitafuata haufanywi Ijumaa jioni ukiwa umechoka. Unafanywa Jumatano, ili Ijumaa ikukute tayari. Wanaojua hili hupanga foleni ya kupakua usiku na kuacha gemu moja fupi ndani ya mashine kwa ajili ya siku ambayo mambo yatagoma.

Haya yote, lakini, ni vikwazo tu. Adui mkubwa wa orodha yako ni gemu isiyokuwa na mwisho.

Mwaka 2021 Konami iliacha jina la PES tulilokua nalo na kuleta eFootball, ya kucheza bure. EA nayo, baada ya kuachana na jina la FIFA, ilianza EA Sports FC mwaka 2023, na kila Septemba inakuja nyingine. Ongeza Free Fire, PUBG na Warzone. Zote zinafanana kwa jambo moja: zawadi ya kila siku ukiingia, msimu unaoisha baada ya wiki kadhaa, mchezaji maalumu anayepatikana hadi Alhamisi pekee. Gemu ya hadithi inakuruhusu kuondoka, hata kwa mwezi mzima, nayo inakusubiri mahali ulipoiacha. Gemu hizi zimejengwa ili uone hasara kila unapokosa. Mtu anafungua mashine akiwa na nia ya kuanza kitu kipya, anasema wacha nichukue zawadi ya leo kwanza, na saa mbili zimeenda.

Na zina mkono mfukoni. Pakiti za wachezaji katika Ultimate Team hununuliwa bila kujua kilicho ndani. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba visanduku vya bahati vya kulipia ni kamari, na mapema 2019 EA ikaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo. Sisi tunaoishi katika nchi ambayo kijana anaweza kuweka mkeka akiwa ndani ya matatu, tukashuka bila nauli ya kurudi, hatupaswi kuhitaji mahakama ya Ulaya itueleze tofauti kati ya kununua gemu na kununua bahati. Kama bajeti yako ya gemu mwaka huu inaishia kwenye pakiti, hujachagua gemu yoyote.

Ushauri wetu si kuziacha. Mpira na maboyz Jumamosi ni jambo zuri, na kuna wanaotafuta mashindano. Anayetaka njia kama ile aliyopita Sylvia Gathoni, yaani Queen Arrow, hadi Tekken ikampa jina nje ya Kenya, lazima ang'ang'anie gemu moja na asahau zingine. Lakini wengi wetu hatuelekei huko, na tunajua. Kwa sisi wengine, gemu isiyo na mwisho iwe moja tu kwa wakati mmoja, ipewe siku zake, na isiguse siku zingine.

Baada ya hapo ndipo orodha inakuwa na maana. Wachezaji wazoefu wana mbinu nyingi. Kuna wanaotumia tovuti kama Backloggd kuandika walichocheza na wanachosubiri. Kuna wa Steam wanaogawa maktaba yao kwa makundi na kuficha zile ambazo hawatazigusa, ili wasizione. Wengine hujitumia ujumbe wao wenyewe kwenye WhatsApp, na wengine wana daftari la shilingi thelathini. Chombo si hoja. Hoja ni kwamba orodha iwe fupi kiasi cha kukumbukwa bila kuangalia.

Mpangilio tunaoupenda sisi ni wa nafasi tatu: gemu moja ndefu, moja fupi, na moja ya marafiki. Ya nne haiingii mpaka mojawapo itoke, kwa kumalizika au kwa kuachwa. Na kuachwa kusiwe aibu. Gemu ambayo imekukataa kwa saa tano haitakupenda kwa kuwa ulilipa.

Ili kujua ipi ni ndefu na ipi ni fupi, tovuti ya HowLongToBeat hukusanya muda kutoka kwa wachezaji wenyewe, na kuugawa: hadithi kuu pekee, hadithi na mambo ya kando, na kumaliza kila kitu. The Witcher 3 ya mwaka 2015, kwa mfano, ni takriban saa 50 kwa hadithi kuu na zaidi ya 170 kwa asiyeacha hata kichaka. Chukua mtu anayefanya kazi Industrial Area na kushuka matatu saa mbili usiku. Akipata saa nne kwa wiki, hadithi kuu itamchukua takriban miezi mitatu. Akitaka kila kitu, ni miezi kumi. Si vibaya, bora awe amejua kabla ya kuanza, na asiwe ameanza wiki mbili kabla ya mitihani ya CPA.

Hapa ndipo gemu fupi zinapotendewa ubaya. Aprili 2024 ilitoka Tales of Kenzera: Zau, kazi ya studio ya Surgent iliyoanzishwa na Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye pia ndiye sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins. Ni hadithi ya mganga kijana anayepatana na mungu wa kifo ili arudishiwe babake, na Salim amesema wazi kwamba ilizaliwa na msiba wake mwenyewe wa kufiwa na baba. Unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili. Inamalizika kwa saa zisizozidi kumi hivi, yaani wikendi mbili za mtu wa kawaida. Ni wangapi kati yetu tunaolalamika kwamba hakuna anayetutengenezea gemu, tumewahi kuiweka hata kwenye orodha ya matamanio? Haina msimu, haina zawadi ya kila siku, haipigi kelele. Kwa hivyo inapitwa, na wenye pesa wanaosoma takwimu za mauzo wanahitimisha kwamba Waafrika hawataki hadithi zao.

Sasa tuje kwa jambo ambalo wachezaji wachache huliweka katika mpangilio wao, nalo ni uhai wa gemu yenyewe. Tunasema "nitaicheza baadaye" kana kwamba baadaye ipo kwenye rafu. Machi 31, 2024, Ubisoft ilizima seva za The Crew, gemu ya magari ya mwaka 2014, na waliokuwa wameinunua hawakuweza tena kuicheza hata peke yao. Hasira hiyo ndiyo iliyozaa kampeni ya Stop Killing Games, ambayo kufikia Julai 2025 ilikuwa imepata sahihi zaidi ya milioni moja katika Umoja wa Ulaya. Concord ya Sony ilitoka Agosti 23, 2024 na kuzimwa Septemba 6. Wiki mbili! Angalau walionunua walirudishiwa pesa. Nintendo ilifunga maduka ya mtandaoni ya 3DS na Wii U Machi 2023. Na tangu Oktoba 2024, Steam humweleza mnunuzi wazi kabla ya kulipa kwamba anachopata ni leseni.

Wakfu wa Historia ya Gemu za Video nchini Marekani ulichapisha utafiti mwaka 2023 na kukuta kwamba asilimia 87 ya gemu za kale zilizotoka nchini humo kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni. Hizo ni zile zilizokuwa kwenye kaseti na CD. Za leo zinazoishi kwa seva ya mtu mwingine zitakuwaje?

Kwa hivyo tunapendekeza kigezo hiki kiwe cha kwanza: weka mbele ile inayoweza kukutoroka. Gemu inayohitaji seva ili iwake, ichezwe sasa. Ile uliyo nayo kwenye CD, isiyohitaji intaneti, inaweza kungoja hadi Desemba ama hadi upate watoto. CD ina faida nyingine mjini hapa: ukimaliza, unaibadilisha dukani kwa kuongeza kidogo, ama unamwazima jirani. Gemu ya kupakua haibadilishwi Luthuli.

Kungoja kwenyewe si kubaya, ikiwa unangoja kununua. Waliokimbilia Cyberpunk 2077 Desemba 2020 walipata gemu iliyovunjika vibaya kwenye PS4 hata Sony ikaiondoa dukani kwa miezi sita hivi. Walioinunua baada ya toleo la 2.0 la Septemba 2023 walilipa kidogo wakapata gemu nzuri. Subiri kununua, usisubiri kucheza ulichokwisha kununua. Steam hurudisha pesa kama hujapita siku 14 tangu ununue na hujacheza zaidi ya saa mbili. Maana yake ni kwamba gemu uliyoinunua kwa ofa na kuiacha wiki tatu bila kuigusa imekwisha kuwa yako kwa lazima, hata kama haiwaki kwenye kompyuta yako. Ukinunua leo, ijaribu wiki hii.

Hata za bure zina mtego wake. Tangu Desemba 2018 duka la Epic limekuwa likigawa gemu bure, na Mei 2020 lilipotoa GTA V tovuti yake ililemewa na watu. Kuna vijana wenye maktaba ya mamia ya gemu ambazo hawakulipia hata shilingi, na bado wanafungua orodha hiyo, wanaisoma juu hadi chini kama menyu ya hoteli, wanaifunga, wanarudi eFootball. Wingi wenyewe unachosha. Hapo ndipo nafasi tatu husaidia: huna haja ya kusoma menyu yote kila siku.

Tungekuwa wanafiki kama tungemlaumu mchezaji pekee. Huduma ya mtandaoni ya PlayStation haijafunguliwa rasmi kwa Kenya. Kijana wa hapa hufungua akaunti akijiandikisha kama mkazi wa Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, na kununua kadi za zawadi za nchi hiyo. Kadi ya nchi moja haifanyi kazi kwa akaunti ya nyingine, na nchi ya akaunti haibadilishwi. Ukikosea siku ya kwanza, orodha yako yote inafuata bei na ofa za taifa ambalo hujawahi kukanyaga. Mei 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti ya PlayStation, gemu hiyo iliondolewa kwenye Steam katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo. Sony iliachana na sharti hilo baada ya siku chache kwa sababu ya kelele za wachezaji, lakini tuliona jinsi gemu inavyoweza kukutoka mkononi kwa sababu ya ramani ya mtu mwingine.

Hakuna sababu ya maana ya hali hii kuendelea. Kadi pepe ya M-Pesa na Visa ipo tangu 2022. Wakenya wanalipia filamu, muziki na kila aina ya programu za nje bila kuigiza kuwa wanaishi Texas. Kampuni zinazotaka pesa za vijana wa hapa zifungue milango hapa, kwa bei ya shilingi, na kwa sheria zinazomlinda mnunuzi wa hapa. Kufikia wakati huo, mwenye akaunti ya ugenini asijaze maktaba ya kupakua kwa matumaini. Anunue ya sasa, acheze ya sasa.

Kisha kuna GTA VI. Ilitarajiwa 2025, ikasogezwa hadi Mei 2026, ikasogezwa tena, na tarehe ambayo Rockstar imetangaza ni Novemba 19, 2026. Ikitoka, mipango ya kila mtu itaenda likizo, ya kwetu pia. Imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series pekee, ilhali vibanda vingi mitaani bado vinaendesha PS4. Anayewaza kuuza mashine yake ya sasa ili ajiongezee doo za kununua mpya ana CD kwenye rafu ambazo hajawahi kufungua karatasi yake, na muda wa kuzipitia unahesabika kwa wiki. Mwenye kibanda atakayekuwa wa kwanza mtaani kuleta PS5 hatakuwa na haja ya kusoma tahariri yoyote. Swali litakuwa anatoza ngapi kwa saa, na kama ataandika majina kwenye sevu.